Mbingu Isiyo na Bahari: Kumsoma John Mbiti kutoka Msambweni

Sura ya 21 ya Ufunuo husomwa sana kwenye matanga ya Wakristo huku Kusini mwa Pwani. Kuanzia Ukunda hadi Lunga Lunga, mhubiri akishashika maikrofoni chini ya turubai, mara nyingi ataishia hapo: mbingu mpya, nchi mpya, Mungu akiyafuta machozi ya watu, kifo kikiwa kimekwisha. Watu wanaitikia amina, wengine wanalia, halafu chakula kinapakuliwa. Lakini mwanzoni kabisa mwa sura hiyo kuna jambo ambalo sijasikia mhubiri hata mmoja akilieleza. Yohana anasema kwamba katika huo ulimwengu mpya hakuna bahari.

Msomaji wa Kitui au Eldoret anaweza kupita hapo bila kujikwaa. Sisi je? Gazi, Msambweni, Shimoni, Vanga: ukiondoa bahari, vijiji hivi unaviacha na nini? Samaki, pweza, mikoko, upepo, biashara ya Diani, hata saa ya mvuvi kuamka, vyote vinakwenda na maji yanavyojaa na kupwa. Mtu aliyezikwa mita mia mbili kutoka ufuoni anaahidiwa makao ya milele mahali ambapo kitu alichokijua kuliko vyote hakipo. Kwani uzima wa milele ni wa watu wa bara peke yao?

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwa John Mbiti. Kitabu chake New Testament Eschatology in an African Background, kilichotolewa na Oxford University Press mwaka 1971, hakitajwi sana siku hizi, kwa sababu kila mtu anakimbilia kile cha 1969, African Religions and Philosophy. Nilikisoma baada ya kuacha chuo, bila mhadhiri wa kunisubiri na maswali ya mtihani, na labda ndiyo maana nilikisoma polepole. Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, akasomea shahada ya uzamivu Cambridge, akafariki Uswisi mwaka 2019. Anachouliza kwenye kitabu hiki ni rahisi kukieleza: wamisionari walipowafundisha Wakamba mambo ya mwisho, yaani kurudi kwa Kristo, ufufuo, mbingu na jehanamu, Wakamba walisikia nini?

Jibu lake halipendezi, na ndiyo nguvu ya kitabu. Anachukua picha za Agano Jipya moja moja: jehanamu, moto, hazina, mji, nchi, kula na kunywa, machozi na maumivu, mbingu. Anaonyesha jinsi mahubiri ya misheni, hasa ya Africa Inland Mission iliyoingia Ukambani mwaka 1895, yalivyozikabidhi picha hizo kwa watu kana kwamba ni ramani. Mbingu ikawa mahali, tena mahali pa mbali, penye kila kitu ambacho hapa kimekosekana. Mkristo akawa abiria anayengoja gari. Mbiti anasema Agano Jipya lenyewe halikuelekea huko. Kiini chake ni Kristo mwenyewe, na picha zote zinamzunguka yeye.

Ukihudhuria matanga huku kwetu leo utaona kwamba uchunguzi ule haujazeeka. Wakamba wenyewe wako hapa, familia zilizokuja na skimu za makazi za Shimba Hills, na makanisa yao yako hapa. Na lugha ya abiria imeenea kwa Wakristo wote, Wakamba kwa Waduruma, Wakikuyu kwa Waluo wa mahotelini. Dunia ni ya kupita, sisi ni wageni, marehemu ametutangulia. Mtu aliyefiwa anahitaji kitu cha kushika, na sitamdharau anayeshika maneno hayo. Ninachosema ni kwamba wanaoyasema wanasoma mwisho wa Ufunuo kinyumenyume. Katika sura hiyohiyo ya 21 hakuna mtu anayepaa. Mji ndio unaoteremka. Mungu ndiye anayehama, anakuja kukaa na watu kwao.

Kuna sura nyingine ya Mbiti ambayo ningetaka kila mpanga matanga aisome. Anasema ufufuo katika Agano Jipya ni tumaini la jumuiya. Hakuna anayefufuliwa kivyake, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Huku Kusini jambo hilo halihitaji profesa. Msiba ukitokea Msambweni, jirani Mwislamu analeta sufuria, vijana wa Kidigo wanachimba kaburi la Mkristo, na familia moja inaweza kuwa na shehe na mzee wa kanisa kwenye mkeka mmoja. Wote wanasubiri kiyama. Sura ya Ibrahim katika Kurani nayo inataja siku ambayo ardhi itabadilishwa iwe ardhi nyingine. Hatukubaliani kuhusu mengi, lakini hakuna anayehitaji kufundishwa kwamba siku hiyo ni ya wote.

Hapa ndipo nianze kugombana na mzee. Hoja iliyompa Mbiti jina ni ile ya wakati: kwamba Mwafrika wa jadi ana wakati uliopo na wakati uliopita mrefu usio na mwisho, lakini wakati ujao kwake ni mfupi mno, miezi sita hivi, usizidi miaka miwili. Kwa hiyo, anasema, mahubiri ya mambo ya mwisho yaliangukia watu wasio na mahali pa kuyaweka. Wengi wameshampinga, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana. Mimi nina neno moja la pwani la kuongeza. Kwenye kitabu cha 1969 Mbiti alihitaji majina ya nyakati hizo mbili, akachukua ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Alichukua maneno yetu, lakini wenye maneno hakuwauliza. Lugha hiyohiyo ina kesho, mtondo, mtondogoo, akhera na milele. Watu waliokuwa wakisema zamani walikuwa pia wakisema kesho kwa Mungu.

Na tuyaache maneno, tuangalie mnazi. Mnazi mrefu wa pwani huchukua miaka kama sita au zaidi kabla ya kuzaa, halafu unaendelea kuzaa hadi mpandaji azikwe. Babu wa Kidigo aliyechimba shimo akaweka mche hakuwa na wakati ujao wa miaka miwili. Alikuwa anawapandia watu ambao hawajazaliwa. Hakuandika kitabu cha falsafa, sawa, lakini aliufikiria wakati kwa jembe. Mbiti angekaa Tiwi au Waa msimu mmoja, nadhani angeiandika sura ile upya.

Sasa bahari. Katika picha ambazo Mbiti anazichambua kwa kirefu, bahari si mojawapo. Inaeleweka, Ukambani haina bahari. Kwa hiyo kazi hii imebaki kwetu, na njia ya kuifanya ni ileile aliyotufundisha: usiichukue picha kama ramani, tazama inafanya kazi gani ndani ya kitabu chenyewe.

Ndani ya Ufunuo, bahari ina kazi tatu. Katika sura ya 13 mnyama wa kutisha anatoka humo. Katika sura ya 18 bahari ni barabara ya biashara: Babeli unapoanguka, manahodha na mabaharia wanasimama mbali na kuulilia, na wafanyabiashara wanahesabu shehena ambayo haitanunuliwa tena. Dhahabu, vito, pembe za ndovu, mdalasini, divai, ngano, mifugo. Mwisho kabisa wa orodha, baada ya farasi na magari, wanatajwa binadamu. Katika sura ya 20 bahari inaamriwa kuwatoa wafu waliomo.

Nenda na orodha hiyo Shimoni. Teremka kwenye mapango ambayo wenyeji wanasimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakingoja majahazi ya kuwapeleka Unguja. Simama pale hewa inaponuka popo, halafu uisome tena sura ya 18. Pembe za ndovu na watu katika shehena moja: hakuna mhubiri wa pwani anayehitaji kamusi ya Kigiriki kuelewa hilo. Yohana aliandika akiwa kisiwani Patmo, amezungukwa na maji ya Roma, maji yaliyobeba askari, ushuru na watumwa. Aliposema bahari haipo tena, ninamsikia akisema kwamba ile barabara imefungwa.

Au simama Mtongwe. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya MV Mtongwe ilizama karibu na nchi kavu, ikaua watu 272, wengi wao wakienda kazini Mombasa asubuhi. Kwa familia za upande huu wa Likoni, bahari inayolazimishwa kuwarudisha wafu wake si mapambo ya lugha. Ni dai, na bado halijalipwa.

Kwa hiyo kuna bahari ya Shimoni na kuna bahari ya Gazi. Pale Gazi, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko kupitia Mikoko Pamoja, mradi unaouza hewa ya kaboni iliyohifadhiwa na misitu hiyo na kutumia mapato kwa maji, shule na upandaji. Mwaka 2017 ulipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mwanamke anayechomeka mche wa mkoko kwenye tope akijua mti utakomaa yeye akiwa mzee anafanya jambo lilelile la babu wa mnazi. Je, Yohana anaifuta na bahari hiyo? Siwezi kulazimisha maandishi yaseme yasichosema. Sura ya 22 ina mto, ina miti inayozaa kila mwezi na majani ya kuponya mataifa, lakini mawimbi hayarudi. Ninachoweza kusema ni kwamba adui wa Yohana hakuwa samaki. Mhubiri anayeitumia sura hii kumwambia mvuvi kwamba bahari yake haina maana kwa Mungu amesoma mstari mmoja, akairuka sura nzima.

Tafsiri nazo zinachangia. Biblia ya Union Version ya 1952 inaahidi nchi mpya. Habari Njema inaahidi dunia mpya. Kwa Kiswahili cha kawaida dunia ni pana na iko mbali, mtu anaweza kuiaga. Nchi ni udongo, ni mahali penye mipaka. Kwa Kwale napendelea nchi. Hapa mtu anaweza kuzaliwa, kuoa na kuzeeka kwenye shamba ambalo hana hati yake, siku moja akaja mwenye karatasi. Familia za Nguluku na Maumba zilihamishwa kupisha machimbo ya titani; uchimbaji ulisimama mwishoni mwa 2024, na sasa kazi iliyobaki ni ya kurudisha udongo na miti mahali palipochimbwa. Katika hali hiyo soma Isaya 65, sura ambayo Yohana aliirithi. Nabii anapoeleza mbingu mpya na nchi mpya, mfano wake ni huu: watu watajenga nyumba wakae wao wenyewe, watapanda wale wao wenyewe, asije mwingine akala. Hiyo ni mbingu ya skwota. Ni ahadi kwamba aliyepanda mnazi atakula nazi.

Kuna atakayeniambia haya ni malumbano ya watu wa vitabu. Mwaka 2023, kaskazini mwetu, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa zaidi ya miili 400, wakiwemo watoto, ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wamfikie Yesu. Watu wengi walisema ni wendawazimu, wakaendelea na ibada. Mimi nauliza: mbegu ya mafundisho yale waliitoa wapi? Kama kila Jumapili na kila matanga unaambiwa kwamba mwili ni mzigo, dunia ni kituo cha basi na uzima uko kwingine, atatokea mtu mmoja wa kukuambia uharakishe safari. Kanisa la kawaida halikumuua mtu Shakahola, na uhalifu ni wa aliyeufanya. Lakini maneno ya abiria yalikuwa tayari mdomoni mwa kila mtu. Mbiti aliyaona mwaka 1971, akayaandika kwa upole wa kasisi wa Kianglikana. Tulipaswa kumsikiliza.

Kitabu chake ni kigumu kupatikana, kimeandikwa kwa Kiingereza cha tasnifu, na hoja yake ya wakati inavuja. Bado ndicho kinachostahili kutafsiriwa kwa Kiswahili kabla ya vitabu vingi vya maombi na mafanikio vinavyouzwa stendi ya Ukunda. Wakati tukingoja mtafsiri, nina ombi dogo kwa wahubiri wa Kusini. Mkiombwa kusoma Ufunuo 21 kwenye matanga, anzeni na sura ya 18. Isomeni ile orodha ya shehena hadi mwisho, mpaka kwenye binadamu, pale ambapo wafiwa wanasikia mawimbi. Halafu ndipo msome kwamba bahari haipo tena.