Pengo Lisilokuwepo: Saraka za Wavuti, Miongozo ya Mada na Utafutaji wa Fasihi ya Kiswahili

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuanza pale matini inapokuwa tayari mkononi mwa mhakiki. Njia iliyoifikisha huko huachiwa wakutubi. Mazoea haya yana gharama. Saraka ya wavuti na mwongozo wa mada, yaani orodha za tovuti zilizochaguliwa na kupangwa na binadamu kwa kufuata maudhui, hutoa hukumu mbili kabla msomaji hajasoma hata ubeti mmoja: kipi kinastahili kuingizwa, na kiwekwe chini ya nini. Hizo ni hukumu za kihakiki, hata kama aliyezitoa hakujiita mhakiki.

Inaweza kudaiwa kwamba zama za saraka zimepita. Saraka ya Yahoo!, iliyoanzishwa na Jerry Yang na David Filo mwaka 1994, ilifungwa mwishoni mwa 2014. DMOZ, iliyohaririwa na watu wa kujitolea tangu 1998, ilifungwa Machi 2017. Injini za utafutaji zilishinda kwa wepesi na kwa wingi wa majibu. Hata hivyo, ushindi huo hauna uzito uleule katika kila lugha. Injini huanzia kwenye neno lililoandikwa, na katika fasihi ya Kiswahili neno lililoandikwa ndilo lenye matatizo.

Mfano mzuri ni utendi wa Bwana Mwengo wa mwaka 1728. Wengine huuita Utendi wa Tambuka, wengine Chuo cha Herekali, na jina hili la pili huonekana pia kwa umbo la kaskazini, Kyuo kya Herekali. Jina la utanzu wenyewe ni utendi kwa baadhi ya wataalamu na utenzi kwa wengine. Miswada iliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na kila aliyeihamishia kwenye hati ya Kirumi alichagua tahajia yake. Mwanafunzi anayeandika umbo moja tu katika kisanduku cha kutafutia hupata sehemu ya kazi zilizopo, kisha, jambo la hatari zaidi, huandika katika sura ya kwanza ya tasnifu yake kwamba kuna pengo la utafiti. Pengo hilo aghalabu ni la tahajia.

Mwongozo uliotungwa na mjuzi wa lahaja huyakusanya majina hayo mahali pamoja. Kazi hiyo haikuanza na wavuti. Bibliografia ya Marcel van Spaandonck ya 1965, na katalogi ya J.W.T. Allen ya 1970 kuhusu miswada na kanda za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilikuwa miongozo ya mada kabla ya kuwapo viungo vya kubofya. Wapo wanaozidharau kwa sababu ya umri wake, ingawa katalogi ya Allen bado humwelekeza mtafiti kwenye mswada ambao hakujua jina lake.

Hata hivyo, miongozo nayo si mizani isiyoegemea upande. Ule wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotungwa na Karen Fung kuhusu Afrika kusini ya Sahara ulipangwa kwa nchi na kwa mada, na uliwafaa wengi. Lakini mpaka uliomo katika jina lake unawaacha nje wasemaji wa Kiswahili wa Oman. Mpangilio wa kinchi, kwa jumla, huigawa lugha moja katika vyumba vingi visivyo na milango baina yake.

Mirathi ya maktaba ni nzito zaidi. Katika mfumo wa Dewey, fasihi ya Kiswahili huwekwa kwenye 896.392; katika ule wa Maktaba ya Bunge la Marekani, Kiswahili kimo kwenye PL8701 hadi PL8704. Tafsiri hufuata fasihi ya matini chanzi. Kwa kanuni hiyo, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 2022, ni mali ya fasihi ya Kiingereza, pamoja na kwamba kila sentensi yake ni ya Kiswahili. Mwongozo unaonakili rafu za maktaba humnyima msomaji wa tawi la Kiswahili riwaya hiyo. Rafu ina udhuru: nakala moja haiwezi kukaa mahali pawili. Wavuti haina udhuru huo. Yahoo! iliweka alama ya @ kando ya kategoria iliyokuwa na makao yake kwingine, na msomaji akavuka kwa mbofyo mmoja. Ufumbuzi ulikuwepo, kilichokosekana katika miongozo ya Kiswahili ni mtu wa kuutumia.

Mtu huyo ni adimu kwa sababu inayoeleweka. Mwongozo hutaka uangalizi wa kila mwezi, viungo vyake hufa, na mara nyingi idara huuhesabu kuwa huduma badala ya utafiti. Mtungaji akistaafu, orodha hubaki na anwani zisizofunguka. Wakati huohuo, tasnifu inayotangaza pengo lisilokuwepo hupokelewa, hutahiniwa na kutunukiwa shahada.