Salamu kwa Asiyekuwapo: Mtangazaji Kijana, Muziki wa Roki na Msikilizaji wa Ng'ambo

Wahakiki wetu wameiendea redio kwa njia mbili kuu. Wapo wanaotafuta michezo ya kuigiza iliyotangazwa na kuihakiki kama tamthilia. Wapo pia wanaonukuu maneno ya nyimbo, wakayapanga beti kwa beti na kuyachambua kimaudhui. Maneno anayoyasema mtangazaji baina ya wimbo na wimbo hayaguswi. Huhesabiwa kuwa makapi. Makala haya yananuia kuyatazama makapi hayo, na kudai kwamba aghalabu humo ndimo ilimo matini yenyewe. Hoja hii hujitokeza waziwazi pale ambapo muziki ni wa kuazima na msikilizaji hayupo: chukua kijana ambaye hajatimiza miaka 20, anayewapigia muziki wa roki watu wa lugha yake waishio ughaibuni.

Tumeitafakari hali hiyo tukiwa na Tabaka akilini. Mji huu wa Mugirango Kusini, katika kaunti ya Kisii, unajulikana kwa vinyago vya mawe laini vinavyouzwa hadi nchi za nje. Watu wa Gusii nao wamesafiri mbali, na jamii kubwa ya Abagusii imefanya makao katika jimbo la Minnesota, Marekani. Redio ya Ekegusii, mathalani Egesa FM, haikomi tena pale mawimbi ya mnara yanapokomea, kwa kuwa intaneti huivusha bahari. Tuseme basi kwamba kijana wa Tabaka ameketi mbele ya maikrofoni, na kwamba binamu zake wa Minneapolis wanamsikiliza. Atasema nini kabla gitaa halijaanza?

Uhusiano huu wa redio na msafiri ni wa zamani kuliko tunavyodhani. Redio ilipoanza nchini Kenya mwaka 1928 ililenga walowezi wa Kizungu. Lugha za Kiafrika ziliingia hewani wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na sababu kubwa ilikuwa kuwaarifu wazazi na jamaa habari za askari waliopelekwa vitani. Yaani tangu mwanzo redio ya lugha zetu ilimhitaji mtu asiyekuwapo nyumbani. Vipindi vya salamu vilivyostawi baadaye, enzi za Sauti ya Kenya na baada yake, viliirithi haja hiyo hata pale ambapo msalimiwa alikuwa mtaa wa pili tu.

Muundo wa salamu za kadi unafahamika. Msalimu hutaja jina lake, lakabu yake na mahali alipo, kisha majina ya wale anaowasalimu, kila mmoja na mahali pake. Huongeza "bila kumsahau" fulani, na kufunga kwa ujumbe, ambao mara nyingi ni methali. Wanaozidharau salamu hizi husema kuwa ni orodha tupu. Lakini tangu lini orodha ikawa kasoro katika fasihi ya Kiswahili? Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anawauliza waliokwenda na majumba yao ya Pate, na nguvu ya utenzi huo hutokana kwa kiasi kikubwa na kule kumwita mtu asiyeweza kuitika. Mauti ndiyo yaliyowaondoa watu wa Pate, na msalimiwa wa redioni kaondolewa na nauli tu. Mbinu, hata hivyo, ni moja: jina linatamkwa ili pengo lisikike.

Roman Jakobson, katika mhadhara wake uliochapishwa mwaka 1960, alitenga uamilifu wa lugha unaohusu kufungua na kudumisha njia ya mawasiliano. Ni rahisi kuzitia salamu katika kapu hilo na kuondoka. Tunaona kwamba jibu hilo halitoshi. Katika utangazaji wa aina tunayoijadili njia yenyewe ndiyo maudhui. Swali "mwanisikia huko?" haliandalii mazungumzo mengine yatakayofuata, ndiyo mazungumzo.

Tuchukue jambo dogo, saa. Ikiwa saa 12 jioni Tabaka, Minnesota ni saa 3 asubuhi, au saa 4 wakati wa majira yao ya joto. Ekegusii kina salamu ya asubuhi, "Bwakire", na ya jioni, "Bwairire". Kijana wetu hana budi kuchagua. Akisema "Bwairire" amewasalimu walio nyumbani na kuwatia wa ng'ambo katika jioni isiyo yao. Akisema "Bwakire" amewafuata waliosafiri na kuliacha jua la Tabaka litue bila shahidi. Akizitamka zote mbili kwa mfululizo, ameumba katika maneno mawili mahali pasipopatikana kwenye ramani yoyote, ambapo kunakucha na kuchwa kwa wakati mmoja. Mshairi wa vitabu angelitaka beti tatu kulifanya hilo. Hatusemi kwamba kila mtangazaji hulifanya kwa kukusudia. Tunasema tu kwamba lugha imempa nyenzo, na kwamba mhakiki anao wajibu wa kusikia.

Mfano mzito zaidi wa mtangazaji wa roki na wasikilizaji waliotengwa naye kwa mpaka unatoka Romania. Cornel Chiriac alianzisha kipindi cha Metronom katika redio ya taifa lake mwaka 1967. Mwaka 1969 kipindi kilisimamishwa, naye akatoroka nchi, akaendelea kupiga roki na jazi kwa Kiromania kutoka Munich kupitia Radio Free Europe, hadi alipouawa mjini humo mwezi Machi 1975. Muziki aliopiga ulikuwa kwa sehemu kubwa wa Waingereza na Wamarekani. Kilichokuwa cha Kiromania ni sauti iliyoutambulisha. Alexandru Belc, katika filamu yake Metronom ya mwaka 2022, anawaonyesha vijana wa Bucharest mwaka 1972 wakimwandikia mtangazaji huyo barua, na barua hiyo ndiyo inayowatia mikononi mwa polisi wa siri. Msomaji wa Afrika Mashariki atakitambua mara moja kile walichokiandika. Ni kadi ya salamu. Dola haikuhitaji nadharia ya fasihi kujua kwamba kadi hiyo ilikuwa na uzito.

Hapa tunakabiliwa na pingamizi ambalo wenzetu kadhaa hulitoa kwa hamaki, kwamba muziki wa kigeni katika redio ya lugha ya mama ni dalili ya lugha kufa. Tabaka yenyewe inatupa jibu. Wachongaji wake huchonga seti za sataranji, mchezo ambao haukuzaliwa Gusii, kwa wanunuzi ambao huenda wasifike Gusii kamwe. Mfalme na farasi ni wa wengine, ila jiwe, kisu, na msasa unaosuguliwa kwa maji ni vya hapa. (Kwamba neno la Kiingereza roki lina maana pia ya mwamba ni sadfa ya kupendeza, nasi hatuitegemei.) Kinachostahili kupimwa ni kile afanyacho kijana kwa ulimi wake anapoupokea wimbo. Akisoma wasifu wa bendi kwa Kiingereza kutoka kwenye skrini, kisha akapiga kelele, hajafanya lolote, na hapo wenye pingamizi wana haki. Akijaribu kueleza kwa Ekegusii mlio wa gitaa la umeme, atalazimika kuazima msamiati wa obokano, zeze kubwa la nyuzi 8 lenye mvumo mzito, na papo hapo obokano itakuwa imesikika Minneapolis bila kupigwa.

Ugumu wa kweli uko kwingine, nao ni umri. Mila ya Abagusii ina kanuni za heshima na haya ziitwazo chinsoni, ambazo hutawala hasa baina ya wazazi na watoto wao: yapo mambo ya mapenzi na ya mwili ambayo kizazi hiki hakiyataji mbele ya kile kilichokizaa. Nyimbo nyingi za roki zinahusu mambo hayohayo. Wimbo ukipigwa kwa Kiingereza, haya hiyo yaweza kujificha nyuma ya lugha. Mara tu kijana anapotaka kuufafanua kwa Ekegusii, baba yake, mama yake na rika lao wote wamo chumbani, wawe Tabaka au Minnesota. Wapo watakaosema basi anyamaze. Sisi tunaona kwamba hapa ndipo utunzi unapoanza. Mila hiyohiyo inamruhusu mjukuu kutaniana na babu na nyanya. Kijana anayemgeukia sokoro au magokoro, akamweleza wimbo kwa fumbo na utani huku wazazi wakiusikia kana kwamba haukuwalenga, amepata nafsi ya pili inayomfaa, na ameipata kutoka ndani ya jamii yake. Uteuzi wa msemeshwa ni suala la fani. Tumelihakiki mara nyingi katika Utendi wa Mwana Kupona, ambamo mama anamsemesha binti mmoja huku wengi wakisikiliza. Sioni sababu ya kulikwepa redioni.

Limebaki suala la utaratibu, na hili linawahusu hasa wanafunzi wa uzamili. Anayerekodi kipindi cha aina hii kwa ajili ya utafiti hushawishika kukata muziki na kunakili maneno peke yake. Kufanya hivyo ni kurudia kosa la wanaonukuu nyimbo na kuacha maneno, ila kwa kinyume. Mtangazaji hodari huanza kusema wimbo ukiwa bado unafifia, na huyapima majina ya mwisho ili yaishie pale ngoma inapoingia. Jina linalotajwa juu ya mlio wa kwanza wa gitaa lina hadhi tofauti na lile lililotajwa katika kimya. Nakala iandikwe kwa safu mbili, moja ya sauti ya mtu na nyingine ya muziki, na sekunde zionyeshwe pembeni, pamoja na saa ya huku na saa ya huko.