Jua Likiwa Mgongoni

Anayekaa Bagamoyo, Pangani, Kilwa au Malindi halioni jua likizama baharini. Pwani ya bara inatazama mashariki. Bahari hupewa jua la asubuhi, na jioni jua huondokea upande wa mashamba, nyuma ya minazi na mapaa ya makuti. Anayetaka kuliona likiingia majini huvuka hadi Unguja, akasimama Forodhani, au akaenda kaskazini mpaka Kendwa na Nungwi. Wapiga picha wengi huvuka kwa sababu hiyo tu, na siwalaumu. Lakini naamini aliyebaki bara amepata mwalimu bora zaidi, kwa sababu pwani yake inamfundisha mapema jambo ambalo wenzake hulitambua baada ya miaka: cha kupigwa picha jioni ni vile vitu ambavyo jua linaviaga.

Muda wenyewe ni mfupi. Dar es Salaam na Unguja ziko kati ya nyuzi 6 na 7 kusini mwa ikweta, na huku kwetu jua hushuka karibu wima. Tangu liguse upeo wa bahari mpaka litoweke ni dakika mbili na kidogo. Baada ya hapo una dakika ishirini hivi za mwanga wa kumtambua mtu kwa sura, kisha giza. Norwe wakati wa kiangazi wekundu wa jioni hukaa angani saa nzima na zaidi. Huku, adhana ya magharibi ikisikika, kama hujajua chombo kipi kitaingia wapi na maji yamefika mwamba upi, umekwisha chelewa. Ndiyo maana mpiga picha hodari hufika ufukweni saa kumi na moja, akatembea bila kutoa kamera.

Wanafalaki wanasema kwamba jua jekundu tunaloliona limekaa juu ya maji, kwa hesabu, limekwisha kutua. Hewa hupinda miale yake na kutuinulia sura yake kwa kiasi kinachokaribia upana wa jua lenyewe. Wekundu nao unatokana na safari: jioni nuru hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia, ile ya buluu hutawanyika njiani, nyekundu hufika.

Ugomvi wa mbingu na bahari ndani ya picha moja ulianza zamani. Miaka ya 1850 vioo vya kupigia picha vilikuwa vyepesi mno kuathiriwa na nuru ya buluu. Bahari ikitoka vizuri, mbingu ilitoka nyeupe tupu. Mfaransa Gustave Le Gray, katika picha zake za bahari za mwaka 1856 na 1857, baadhi alizitengeneza kwa vioo viwili, kimoja cha mawimbi na kingine cha mawingu, akaviunganisha kwenye mstari wa upeo wakati wa kusafisha. Watu walistaajabu. Kamera za leo zinaona mengi zaidi, ila bado jioni zinakutaka uchague: uilinde mbingu au uulinde mchanga. Mimi huilinda mbingu. Acha chombo kiwe cheusi, mradi mlingoti, foromali na kamba za tanga zionekane safi. Mwenye simu aguse pale penye mwanga, apunguze, na asiiruhusu mashine iangaze vivuli, kwa maana mashine haijui kwamba giza lile ni sehemu ya uzuri. Rangi nayo aiweke kwenye mwanga wa mchana. Ikiachiwa ijiamulie, kamera huuona wekundu kuwa kosa, ikausahihisha.

Sasa mpe jua mgongo. Ngalawa zinarudi, na tanga lililoshonwa viraka linapokea mwanga wote wa mwisho, likawa na rangi ya samli iliyoyeyuka. Hapo hakuna haja ya kulinda chochote. Kila kitu kimeangazwa, hata matone yanayodondoka kwenye kafi. Jua likishatua, endelea kutazama mashariki. Kukiwa hakuna mawingu, ukanda wa buluu ya kijivu utainuka kutoka baharini, na juu yake ukanda wa waridi. Ule wa chini ni kivuli cha dunia yenyewe, kimetandazwa hewani. Watu wameishi ufukweni maisha yao yote bila kuambiwa hivyo, na ukiwaonyesha mara moja hawaachi tena kukitafuta.

Jioni za mwezi mpevu ndizo zenye utajiri mkubwa kuliko zote. Mwezi hupanda mashariki saa zilezile jua linapotua magharibi, ukapita ndani ya zile kanda mbili, na kwa dakika chache mng'ao wake na mng'ao wa bahari hulingana. Siku inayofuata huchelewa kwa karibu dakika 50, ukapanda gizani, na kamera huona duara jeupe tu. Siku hizo pia ni za bamvua. Dar es Salaam na Unguja maji hujaa alasiri, na kufikia magharibi yanapwa, yakiacha mchanga umelowa na unaakisi anga. Wavuvi wa dagaa nao hupumzika, kwa kuwa mbalamwezi huishinda taa, kwa hiyo vyombo vyao vimelazwa ufukweni vikimngoja anayejua kalenda ya mwezi.

Mchanga ukiingia kwenye miguu ya tripodi, chumvi itamaliza kazi. Ioshe kwa maji baridi usiku huohuo. Na wazee wanaofuma nyavu waamkiwe kwanza, wakikataa picha, basi. Adabu hiyo ni sehemu ya ufundi sawa na lenzi.

Mpiga picha Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na picha za nyeusi na nyeupe za duka lile zinapendwa hadi leo. Natamani wapiga picha wa sasa, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, watupatie kitabu cha jioni za mashariki: mwaka mzima, kaskazi, masika, kusi na vuli, kila bandari na watu wake, jua likiwa nyuma ya kamera katika kila ukurasa. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, pamoja na tarehe ya mwezi mwandamo na hali ya maji, ili msomaji wa Tanga au Kilwa ajue jioni ipi atoke akaitazame kwa macho yake.