Chokaa Ilipofutwa, Alizeti Ikawekwa

Karatasi ya kupimia asidi haina upendeleo. Niliichovya kwenye tope nililokoroga kwa maji ya chupa, juu kabisa ya lundo la marudio, yale mabaki yaliyosagwa ya mgodi, ikasoma pH tatu na nusu, asidi kali. Hatua mbili kutoka nilipochuchumaa palikuwa na alizeti ya miezi mitatu, urefu wake haufiki gotini, ua lake dogo kama kifungo cha koti. Niliing'oa kwa vidole viwili bila kutumia nguvu. Mzizi mkuu ulikuwa umeshuka kina cha kidole kimoja, ukapinda na kutambaa ubavuni, na vijizizi vyake vilikuwa vifupi, vinene, vyeusi nchani. Mmea ule haukuwa na uwezo wa kunyonya chochote. Ulikuwa unaungua.

Mliofuatilia mradi ule wa kusafisha marudio kwa mimea, Kanda ya Ziwa, mnaujua, na wenye mradi sitawataja. Picha za uzinduzi mliziona: viongozi wameinama na mbegu mkononi, bango nyuma yao likisema alizeti itanyonya sumu ardhini. Ambacho hakikuonekana kwenye picha ni kikao cha mwisho cha bajeti. Mpango wa kwanza ulikuwa na mistari mitatu niliyoisoma kwa macho yangu: chokaa ya kilimo, samadi, na vipando vya nyasi. Kikaoni mistari yote mitatu ilipigwa kalamu, ikaandikwa mbegu ya alizeti. Uamuzi huo ulikuwa wa makosa siku ulipofanywa, na hakuna mvua wala palizi ambayo ingeuokoa.

Niseme upesi kwamba mitaro ya kukinga maji ilichimbwa vizuri kwa kufuata kontua, na uzio ni imara. Turudi kikaoni.

Wasomaji wa safu hii mnajua kuna kuvuna na kuna kufunga. Kuvuna ni kupanda mmea unaopandisha metali hadi kwenye majani, ukakata na kuondoa. Kufunga ni kupanda mmea unaoibakiza metali mizizini, ukaifunika ardhi ili upepo usipeperushe vumbi na mvua isibebe tope. Aliyependekeza alizeti alichagua kuvuna, na alipaswa kwanza kupiga hesabu. Tuipige sisi.

Hekta moja ya udongo, kina cha sentimita 20, ina uzito wa tani 2,600 hivi. Tuchukue udongo wenye miligramu 1,000 za risasi kwa kila kilo. Hapo pana kilo 2,600 za risasi. Sasa tumpe mpandaji kila upendeleo: alizeti imestawi, imetoa tani 10 za mimea mikavu, na kila kilo imebeba miligramu 100 za risasi. Msimu mzima umeondoa kilo moja. Zimebaki kilo 2,599, na ili kuzimaliza unahitaji misimu mingine 2,599. Hesabu hii inatosha nyuma ya bahasha, na mle kikaoni walikuwamo watu wenye shahada za kutosha kuifanya.

Tena hiyo ni alizeti iliyostawi. Na ikistawi, mavuno yanakwenda wapi? Katika nchi hii alizeti ni mafuta, mashudu ni chakula cha ng'ombe, na bua kavu ni kuni. Nilikuta mbuzi wamesimama nje ya uzio wakinyoosha shingo kuyafikia majani. Huwezi kuweka zao la chakula juu ya risasi kisha ukategemea kibao cha onyo kimzuie mtu mwenye njaa.

Imani hii ya alizeti ina asili yake. Miaka ya 1990 wanasayansi waliweka alizeti ikielea juu ya bwawa karibu na Chernobyl, mizizi ikining'inia majini, ikachuja seziamu na strontiamu. Yalikuwa maji, tena hayakuwa na risasi iliyoshikamana na chembe za udongo. Baada ya ajali ya Fukushima mwaka 2011 Wajapani walipanda alizeti kwenye udongo wenyewe, na wizara yao ya kilimo ikakuta imechukua kiasi cha sehemu moja kati ya 2,000 ya seziamu iliyokuwamo. Jibu lilitolewa mwaka huohuo. Mtu anayepanga kazi ya aina hii leo hana udhuru wa kutolijua.

Wala siipingi njia ya kuvuna. Nikeli inavunwa Albania kwa mimea inayopandisha kiasi cha asilimia moja ya uzito wake mkavu, na mwaka 2001 mtafiti Lena Ma na wenzake walionyesha kangaga moja linalofanya kazi kama hiyo kwa aseniki. Mmea wa kuvuna huchaguliwa kwa metali moja na udongo mmoja. Alizeti ilichaguliwa kwa sababu inapendeza kwenye picha.

Halafu likaja jibu la maabara la mradi wetu, kwamba majani ya alizeti yana risasi nyingi, na watu wakapiga makofi. Niliuliza swali ambalo nimelipigia kelele hapa miaka mingi: majani yalioshwa? Hayakuoshwa. Katanga ilitufundisha somo hili. Mimea kadhaa ya vilima vya shaba ilisifiwa kwa miongo kwamba inalimbikiza shaba kwa wingi wa ajabu, na watafiti walipoanza kuosha majani kwa makini, tarakimu nyingi zilishuka vibaya. Vumbi lilikuwa limehesabiwa kama mmea. Pale kwenye marudio upepo wa mchana unapaka kila jani unga wa kijivu. Nililifuta jani moja kwa kidole gumba, na alama ilibaki kwenye ngozi yangu mpaka nilipofika kwenye maji.

Kufuta chokaa ndiko kulikoua kila kitu kilichofuata. Marudio yale yana pairaiti, na hewa na maji vinapoifikia, bakteria aina ya Acidithiobacillus huharakisha kuigeuza kuwa asidi. Asidi huyeyusha metali, na metali iliyoyeyuka huunguza mizizi. Chokaa hupunguza asidi na kuwapunguza kasi bakteria hao. Samadi hushika metali na kuwalisha viumbe wengine wa udongo. Ndipo mikoriza, kuvu wanaoishi ndani ya mizizi, wanapopata pa kukaa: nyuzi zao huutafutia mmea fosforasi, na sehemu ya metali hunasa kwenye kuta za nyuzi hizo kabla ya kufika kwenye mmea. Palipo na aseniki chokaa hupimwa kwa uangalifu zaidi, maana udongo ukivuka kiasi kuelekea upande wa magadi, aseniki hulegea. Kupima kwa uangalifu na kufuta kabisa ni mambo mawili tofauti.

Hapa nina kinyongo cha zamani. Migodi yetu hukwangua udongo wa juu siku ya kwanza, udongo wenye kuvu na bakteria wa mahali pale, ikauzika chini ya magwangala, yale mawe taka ya mgodi. Miaka ishirini baadaye inaagiza pakiti za vijidudu kutoka ng'ambo. Udongo ule ungetunzwa kando, na nyasi juu yake, ungekuwa ndiyo mbegu ya kila kitu.

René Haller hakuwa na pakiti. Mwaka 1971 aliingia kwenye machimbo ya chokaa ya Bamburi, Mombasa, akajaribu aina 26 za miti na kubaki na tatu. Akaushikilia mvinje, ambao mizizi yake hukaa na bakteria wanaovuta naitrojeni kutoka hewani. Majani yalipodondoka bila kuoza, akaleta jongoo wayatafune. Bamburi haikuwa na metali za sumu, lakini Haller aliiachia ardhi ichague, akakubali kushindwa mara 23. Mtafiti Anthony Bradshaw wa Liverpool alipambana na metali zenyewe: alikwenda kwenye malundo ya migodi ya kale huko Wales, akachuma nyasi zilizokuwa zimejiotea juu ya risasi na shaba, na kutoka kwenye kazi hiyo zikapatikana aina kama Merlin na Goginan zilizouzwa kwa ajili ya ardhi ya namna hiyo. Lubumbashi nao, mtaa wa Penga Penga, kwenye udongo ulioharibiwa na moshi wa kiwanda cha shaba, walijaribu nyasi ya Microchloa altera kutoka vilima vya shaba pamoja na chokaa na mbolea ya asili. Wote hao walijenga juu ya mmea uliokwisha kuonyesha kwamba unaweza.

Mmea huo ulikuwapo pale pale. Nilipokuwa nashuka nilimkuta mama ntilie pembeni ya lundo, na nyuma ya banda lake zulia la ukoka, kijani kibichi, limepanda juu ya marudio kiasi cha hatua nne.

"Shikamoo mzee. Unatafuta nini huko nyuma?"

"Marahaba mwanangu. Hapa mnamwaga nini?"

"Majivu ya jikoni. Na maji ya vyombo. Tangu nianze kuwapikia wachimbaji."

Nilichukua karatasi ya mwisho. Ikasoma sita na nusu. Nikavuta shina moja la ukoka, likagoma, nikalazimika kutumia kisu, na mizizi ilipotoka ilikuwa myeupe, imekumbatia donge la marudio lenye ukubwa wa ngumi. Mvua za vuli hazijaanza. Mistari ile mitatu bado inaweza kurudishwa kwenye bajeti, na vipando vichukuliwe nyuma ya banda lile.