Mkalimani Aliyenyamaza: Kumsoma Upya Ama Ata Aidoo

Nilisoma The Dilemma of a Ghost mara ya kwanza nikiwa chuoni, na nakumbuka vizuri nilikuwa upande wa nani: wa mama mkwe. Eulalie alinikera. Anavuta sigara, anakunywa pombe, halafu analetewa konokono na mama wa mumewe, kitoweo cha heshima kabisa, anawatupa! Nikafunga kitabu nikijisemea, ndiyo hayo ya kuoa mbali. Mwaka jana nimekisoma tena, kwa sababu nitakayoisema hapa chini, na nimegundua kwamba miaka yote hiyo nilimkasirikia mtu asiye na kosa.

Kwa ambao hawajaisoma: Ama Ata Aidoo aliiandika tamthilia hii akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ghana, pale Legon. Iliigizwa 1964, ikachapishwa 1965. Ato Yawson amesoma Marekani, na nyuma yake ukoo mzima umejifunga madeni ili asome. Anarudi na mke, Eulalie, Mmarekani mweusi, yatima. Kwao hawajui hata kwamba ameoa. Bibi yake, Nana, akisikia kwamba bibi harusi ni wa kizazi cha watumwa, analia: atawaeleza nini wahenga akifika kuzimu?

Hapo ndipo Aidoo anapouma. Eulalie hajioni mgeni. Kwa hesabu zake, na yeye anarudi nyumbani. Watu waliosafirishwa kwa meli kutoka pwani ile ndio waliomzaa, na leo pwani hiyohiyo inamwonea aibu. Jina la tamthilia limetoka kwenye wimbo wa watoto kuhusu mzimu uliokwama njia panda, usijue uende Elmina au Cape Coast. Miji hiyo miwili ndiyo yenye ngome walimofungiwa watumwa kabla ya kupakiwa melini. Aidoo hatuhubirii lolote juu ya hilo. Anawaacha watoto waimbe tu.

Lakini kiini cha mchezo, kwa maoni yangu, si utumwa wala konokono. Ni mimba. Ato na mkewe walikubaliana kuchelewesha kuzaa. Ukoo unasubiri, hauoni kitu, unahitimisha kwamba mke ni tasa. Wazee wanafunga safari na dawa za kumwosha tumbo. Na Ato, anayejua ukweli wote, mtu pekee pale aliyekulia ndani ya desturi hizi na akaishi pia ndani ya zile za mkewe, anakaa kimya. Sentensi moja tu ingetosha. Haisemi.

Sasa niseme kwa nini niliirudia. Kaka yangu alirudi Tanga na mke Mjerumani. Wiki ya kwanza mama alimpikia wifi pweza wa nazi, siku tatu mfululizo, na siku tatu wifi aligusagusa tu sahani. Siku ya tatu mama akamwambia kaka, "Hebu muulize mwenzio, tumemkosea nini?" Kaka akamgeukia mkewe akamwambia kwa Kiingereza, "Mama anauliza kama umelala vizuri." Wifi akatabasamu, akajibu amelala vizuri sana. Kaka akamgeukia mama: "Anasema kachoka na safari." Kumbe wifi alishamwambia kaka tangu mwanzo kwamba pweza hawezi kumla. Na mimi nilikuwa nimekaa palepale mkekani, nikisikia lugha zote mbili. Nikanyamaza, nikaendelea kula.

Kwa hiyo niliporudi kwa Ato sikuweza tena kumwita mwoga nikaishia hapo. Anachofanya kina sura ya upole. Hataki mama aumie, hataki mke aumie. Aidoo analijua hilo, ndiyo maana hamchori kama mhuni. Anachotuonyesha ni gharama: kila ukimya wa Ato, anayelipa ni mwanamke. Mkewe anaitwa tasa, mama yake anaitwa mshamba, naye anabaki mtoto mzuri wa pande zote. Mpaka maneno yanapomwishia na kumzaba mkewe kofi.

Abdulrazak Gurnah aliligusa jeraha hilohilo kwenye Admiring Silence, 1996. Msimulizi wake anaishi Uingereza na Emma, wamezaa binti, na kwao Zanzibar kwa miaka mingi hajasema neno. Anarudi peke yake, anakuta ameshatafutiwa mchumba. Huyu kazidi: Emma naye amemjaza hadithi za uongo kuhusu alikotoka. Gurnah anatuingiza ndani ya kichwa cha mwongo, tunacheka naye, tunamhurumia. Aidoo anatuketisha uani pamoja na wanaodanganywa. Mimi nauona ua wa Aidoo kuwa mkali zaidi, kwa sababu pale huwezi kujificha nyuma ya ucheshi wa msimulizi.

Tamthilia ina udhaifu, tusifichane. Umarekani wa Eulalie umeandikwa kwa mbali. Mara nyingine anaongea kama mtu wa kwenye filamu, na sigara na glasi vinabeba kazi ambayo maneno yake yangepaswa kuibeba. Ni anapomzungumzia mama yake marehemu ndipo tunamsikia mtu kamili. Esi Kom, mama wa Ato, hana tatizo hilo. Kila anapofungua mdomo unamsikia mama unayemjua.

Na ni yeye anayefunga mchezo. Akishaambiwa ukweli, usiku, wakiwa wamechelewa mno, hamgeukii mkwe. Anamgeukia mwanawe: mgeni akikosea, mwenyeji ndiye hakumwelekeza. Kisha anamshika Eulalie, mtoto asiye na mama, anamwingiza ndani. Ato anabaki uani peke yake, na ule wimbo wa mzimu unasikika tena.

Wahenga wetu wanasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Aidoo ananifanya niulize: ukirudi ngamani na mwenzio, nani atamwonyesha pa kukanyaga? Juzi nilimpigia mama nikamweleza habari ya pweza. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Sasa anakula nini, masikini?"