Kumpima Fundi kwa Gari Lililogoma Kuwaka

Fundi mzuri wa magari ya zamani hapa Mwanza hujulikana kabla hajashika spana. Gari limegoma asubuhi; yeye anaanza na maswali. Jana liliwaka vipi? Limelala siku ngapi? Uliliosha? Mafuta ulijaza wapi? Kisha anakwambia piga stata, ananyamaza, anasikiliza.

Na kuna cha kusikiliza. Injini ikizungushwa kwa nguvu lakini haishiki, betri iachwe; kinachotafutwa ni moto wa plagi au mafuta. Ukisikia tak-tak-tak ya haraka huku taa za dashibodi zikififia, umeme ni mdogo: betri imechoka, au vichwa vyake vimeota ule unga mweupe wenye ukijani. Ukisikia tak moja nzito, kisha kimya, na taa hazikuyumba, Toyota nyingi za zamani huwa zimelika shaba mbili ndogo ndani ya stata, pale umeme mkubwa unapopitia. Shaba hizo hubadilishwa. Fundi anayekutuma dukani ukanunue stata nzima bila kuzitazama anauza spea tu.

Kugonga stata kwa nyundo kusidharauliwe. Gari likiwaka baada ya kugongwa, mara nyingi kaboni zake zimeisha, na fundi amepata jibu. Shida ni dereva anayeifanya nyundo kuwa dawa, akaiweka chini ya kiti mwaka mzima.

Kwenye betri ndipo mafundi wanapoachana. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6, ikifika 12.2 imebaki takribani nusu. Wengi huishia hapo, ilhali betri mbovu inaweza kusoma vizuri ikiwa haijabebeshwa mzigo. Fundi wa kweli huacha mita kwenye vichwa vya betri wakati unapiga stata. Ikishuka chini ya 9.6 hivi, betri ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza. Isiposhuka na stata bado inajivuta, anapima kati ya kichwa hasi cha betri na chuma cha injini, stata ikiwa inapigwa. Ikizidi nusu volti, waya wa ethi umeoza au umelegea. Kwa kipimo hiki nampa maksi zote, maana wapo walionunua betri mpya wakati waya huo haujaguswa.

Magari ya kabureta yana ugonjwa wao wa masika. Kifuniko cha distributa kikilowa, kukifuta hakutoshi. Fundi akigeuze kwenye mwanga atafute ufa mwembamba au mstari mweusi uliochorwa na moto unaotoroka. Plagi nayo husema: iliyolowa petroli inaonyesha mafuta yanafika ila moto haupo; ikiwa kavu, aanzie kwenye pampu na filta. Dizeli inayowaka jioni na kugoma asubuhi, ashuku hewa kwenye mipira ya mafuta.

Ukinunua gari la zamani, angalia pia linakoegeshwa. Milima ya Isamilo na Capri Point imeficha stata nyingi mbovu: gari la gia za mkono linateremshwa, linashika, mwenyewe anaendelea na safari zake. Foleni ya kivuko cha Kigongo nayo ilikuwa inaumbua betri, zima, washa, sogea kidogo, zima tena. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, unavuka bila kuzima, na betri iliyochoka inakusubiri mpaka Sengerema.

Gari likishawaka, usilipe haraka. Tazama kama fundi anarudisha mita kwenye betri injini ikiunguruma: isome kati ya volti 13.8 na 14.4 hivi. Ikibaki 12 na ushee, altaneta haichaji, na betri uliyouziwa itakufa kama ile ya kwanza. Halafu dai kifaa cha zamani mkononi, akuonyeshe palipolika.