Kijiti cha Kuchokolea Meno

Katika maabara ya bakteria, chombo ninachokiheshimu kuliko vyote ni kijiti cha mbao, kile kile tunachochokolea meno. Usiku kucha bakteria wameota kwenye sahani ya aga ya damu, wakafanya vidoa vyeupe. Asubuhi fundi anagusa kidoa kimoja juu juu, anakipaka kwenye kioo, anadondoshea haidrojeni peroksaidi. Povu likifumka, bakteria hao wana katalasi, kimeng'enya kinachovunja dawa hiyo kuwa maji na oksijeni. Huenda ni ukoo wa stafilokokasi. Tone likitulia, anafikiria streptokokasi.

Kwingine kote kufanya kazi juu juu ni aibu. Hapa ndio ufundi wenyewe. Ukizamisha kijiti utazoa na damu, na chembe nyekundu za damu zina katalasi yake. Povu litatoka, kumbe umempima kondoo aliyetolewa damu ile. Na kwa nini mbao? Kwa sababu baadhi ya vitanzi vya chuma hutoa povu vyenyewe.

Chini ya hadubini, koo zote mbili ni viduara vya zambarau. Sura haitoshi, inabidi uulize wanakula nini na wanaacha nini. Wakigandisha plazma ya sungura, yaelekea ni wale stafilokokasi wa majipu. Bakteria wengine huvunja urea, na kipimo kikageuka rangi ya waridi.

Siku hizi kuna pia mashine inayowatambua bakteria kwa uzito wa protini zao, na chanzo chake ni kosa. Mwaka 1985 huko Kyoto, mhandisi Koichi Tanaka alichanganya kwa makosa gliserini na unga wa kobalti. Akaona hasara kuumwaga mchanganyiko, akaupima. Ikaonekana kwamba leza yaweza kurusha protini nzima bila kuivunja, na mwaka 2002 akapata Nobeli ya Kemia. Njia iliyoingia hospitalini ni ya Wajerumani Franz Hillenkamp na Michael Karas: leza inapiga, protini zinapaa ndani ya bomba lisilo na hewa, nyepesi zinatangulia, nzito zinafuata. Muda wa safari hutoa uzito, uzito hulinganishwa na kumbukumbu za bakteria wanaojulikana, na jina hutoka kwa dakika chache.

Hata hivyo mashine hiyo huwachanganya E. koli na shigela, mleta kuhara damu, kwa jinsi walivyo ndugu wa karibu. Fundi anarudi kwenye maswali ya zamani: anaogelea? Anachachusha laktosi? Shigela haogelei kabisa.

Na sampuli hufikaje kwenye bamba la chuma la mashine? Kwa kijiti kile kile. Hupakwa utando mwembamba, karibu usionekane. Ukipaka nene, mashine inajibu kwamba haimjui bakteria huyo.